Bangili Iliyohesabu Makofi

Saa sita kasoro robo mchana, foleni ya wanunuzi ilipokuwa imefika mpaka mlangoni kwa kinyozi, bangili ya Idalia ilizima. Haikupiga kelele. Kioo chake kidogo kiliwaka mara moja, kikaonyesha alama nyekundu ya chaji, kikawa cheusi. Idalia alikuwa na donge la unga wa mahindi mikononi. Akaendelea kulipiga makofi, pa-pa-pa-pa, akilizungusha kidogo kila kofi, mpaka likawa tortila ya duara, chapati nyembamba ya mahindi, akaibandika juu ya kikaango cha udongo. Lakini macho yake hayakutoka kwenye mkono wa kushoto.

"Imekata roho tena hiyo?" aliuliza Bi Tencha, mwenye duka la tortila, kutoka upande wa pili wa moto.

"Imelala tu."

"Imelala! Inalala kuliko marehemu mume wangu, na yeye yuko makaburini mwaka wa tisa huu."

Wanawake wa kwenye foleni wakaangua kicheko. Idalia naye akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akachota donge jingine. Moyoni alikuwa anapiga hesabu. Tangu alfajiri bangili ilikuwa imeandika elfu sita na kitu. Isipoamka kabla ya zamu ya jioni, leo haitafika elfu kumi, na isipofika elfu kumi haitatetema. Hiyo ingekuwa siku ya nne mfululizo bila mama yake kumshika mkono.

Mama yake, Rosibel, aliondoka mji wao wa Ilobasco kwenda kaskazini Idalia akiwa na miaka saba. Sasa Idalia alikuwa na ishirini na mbili. Alilelewa na bibi yake, akasoma mpaka darasa la sita, na siku bibi aliposema magoti yake hayawezi tena kusimama mbele ya kikaango, Idalia akavaa aproni ya bibi na kuchukua nafasi yake kwa Bi Tencha. Mama alituma hela, alituma viatu ambavyo mara zote vilikuwa vidogo kwa namba moja, kama vile huko aliko miguu ya bintiye ilikua polepole zaidi kuliko hapa. Sura yake Idalia aliijua kwenye kioo cha simu. Mikono yake hakuikumbuka.

Kisha ikaja bangili. Aliileta Bi Ofelia, yule mama anayebeba mizigo ya watu: kila baada ya wiki mbili hupanda ndege na masanduku ya jibini ngumu na maharage ya kukaanga, kuwapelekea watu wa mji ule walioko Maryland, huko kaskazini, akarudi na simu, manukato na nguo za watoto. Siku hiyo alimpa Idalia kijisanduku cheupe, na jioni mama akatuma ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, na mimi ninayo kama hiyo hiyo. Nimezifunga pamoja kwenye simu. Ukitembea nitaona umetembea ngapi, nikitembea nawe utaona. Na ikikutetema mkononi, ujue ni mimi huyo, nimekushika mkono."

Siku ya tatu ikatetema. Ilikuwa zamu ya jioni, moshi umejaa, Idalia amezama kwenye makofi yake. Mara mkono ukatikiswa, mara tatu, taratibu, na kwenye kioo nyota ndogo zikaruka. Idalia akasimama na tortila mbichi viganjani, akaona aibu mbele ya watu kwa sababu machozi yalimjia bila taarifa.

Usiku huo mama akatuma ujumbe mwingine, na safari hii sauti haikuwa ya kubembeleza.

"Idalia, nakuona hapa. Hatua elfu kumi na tatu! Unakwenda wapi wewe? Ukizunguka Ilobasco nzima na makaburi yake hupati hatua elfu kumi na tatu. Ni nani huyo unayemfuata? Sema ukweli, nitampigia bibi yako."

Bibi, aliyekuwa ameketi ubavuni akisikiliza, alicheka mpaka akashika mbavu. Idalia akajibu, "Mama, sijatoka hata mlangoni. Ni tortila. Kila kofi inaona ni hatua." Basi mama naye akacheka, huko mbali, kicheko kirefu cha kukohoakohoa mwishoni, na kicheko hicho Idalia alikihifadhi kwenye simu, akawa anakisikiliza jioni za mvua.

Miezi ya mwanzo ilikuwa hivyo. Idalia akiamka saa kumi alfajiri kupeleka mahindi mashineni, huangalia kwanza simu: hatua za mama zilikuwa zimeongezeka wakati yeye amelala, kwa kuwa mama alisafisha maofisi ya watu usiku. Elfu tisa. Elfu kumi na moja. Ilikuwa kama kusikia mtu anatembea chumba cha pili. Halafu mama akapata mume huko, akapata mimba, na siku moja namba ya upande wake ikaandika sifuri. Kesho yake sifuri. Idalia akajiambia, anapumzika, ana mimba. Mtoto akazaliwa, akaitwa Jeremy, namba ikabaki sifuri. Idalia akajiambia, ananyonyesha. Ujumbe wa sauti ukawa wa kila wiki, kisha wa kila mwezi, kisha wa sikukuu. Kuna mambo mtu huyaona, akayaacha palepale alipoyaona. Mradi jioni bangili inatetema mara tatu, Idalia hakuwa na swali. Mtu anaweza kuwa amechoka, anaweza kuwa na mtoto mkononi, asiwe na nafasi ya kusema, na bado akanyoosha mkono.

Mvua za mwaka jana bibi akafa. Idalia akabaki peke yake katika chumba kimoja chenye vitanda viwili. Siku ya tatu baada ya mazishi alirudi kazini kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno, na jioni ile, makofi yalipofika elfu kumi, bangili ikamshika mkono. "Asante, Mama," alisema kwa sauti. Bi Tencha alidhani anaambiwa yeye, akajibu, "Ya nini, mwanangu?"

Sasa bangili ilikuwa inazeeka. Zamani ukiichaji Jumapili inakwenda mpaka Jumapili nyingine. Kisha ikawa siku nne, kisha mbili, na mwezi huu haikumaliza hata foleni ya mchana. Mkanda wake ulikatika mwaka wa pili, Idalia akaushona kwa uzi wa viatu. Aliizungushia nailoni ya kufungia tortila ili unga usiingie, akaifunika na mkono wa blauzi ili joto lisiipige, na kila baada ya zamu aliisugua pale pa kuchajia kwa mswaki wa zamani. Hayo yote yalisaidia kwa siku chache chache. Siku hiyo, foleni ilipokwisha, aliikimbiza nyumbani, akaichomeka kwenye chaji, akasubiri akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kioo hakikuwaka. Simu yake ilikuwa pale mezani, maana Bi Tencha hakutaka simu karibu na unga. Idalia aliitazama, akafikiria kumwambia mama. Lakini angesema nini? Mara ya mwisho kuomba kitu, mama alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na ule ukimya Idalia aliubeba kwa wiki nzima. Akaichomoa bangili kwenye waya, akaifunga katika kitambaa, akateremka sokoni.

Fundi Wilber alikuwa na kibanda cha kioo kati ya muuza kandambili na muuza dawa za kikohozi. Aliigeuza bangili, akaishika karibu na taa, akaisogeza puani.

"Dada, hii ina harufu ya chakula cha mchana."

"Napiga tortila."

"Nilidhani umetoka nayo vitani. Una nayo tangu lini?"

"Miaka mitatu na miezi minne."

Wilber alipiga mluzi. "Basi hii ni bibi kizee. Hizi huishi miaka miwili. Ukiwa mtu wa ofisini, unaivua ukioga, unaipangusa kwa pamba, labda mitatu. Wewe umeipeleka mbali. Angalia." Akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Hivi vidoti viwili vya chaji, chokaa unayochemshia mahindi imevila. Gundi ya kuzuia maji imeachia kwa joto la moto wako. Na betri ni kama mtu, huchoka. Na hata nikiiponya leo, huko kiwandani wameshaisahau, hawaihudumii tena."

"Ibadilishe betri."

"Hizi hazikutengenezwa zifunguliwe. Nikiifungua inaweza isifunge tena."

"Ifungue," alisema Idalia.

Wilber akamtazama, akaona si mtu wa kurudi nyuma. Akawasha kile kifaa chake cha kupuliza hewa ya moto, akakipitisha pembeni mwa kioo, akaingiza kijiti chembamba. Kioo kikabanduka. Chini yake kulikuwa na utando wa unga uliokauka, mweupe, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Na chini ya unga, betri imevimba kama mto.

"Mungu wangu," alisema Wilber. Hakutania tena. "Na hii ulikuwa unaivaa pembeni ya moto? Dada, ingekuunguza mkono. Hii siirudishi." Akaing'oa betri kwa koleo la plastiki, akaizika katika kopo la mchanga lililokuwa chini ya meza, akarudisha kioo juu ya ganda tupu, akampa. Lilikuwa jepesi mno, utadhani hukushika kitu.

Idalia hakuondoka. Mtu wa kandambili alikuwa anaita wateja, gari la gesi lilipita likipiga wimbo wake, naye amesimama tu.

"Ninayo nyingine kama hiyo," alisema Wilber polepole. "Ya mwalimu mmoja aliyeapa Januari kupunguza mwili. Machi akaja kuiuza, ana keki mkononi. Haijatumika sana. Nitakufanyia nafuu."

"Inatetema?"

"Inatetema."

"Mara tatu? Ikifika elfu kumi?"

"Zote ni ndugu hizi."

Idalia hakuwa na desturi ya kumwambia mtu mambo yake. Sijui ni lile ganda jepesi lililomfungua mdomo. "Ni mama yangu," alisema. "Yuko kaskazini. Ikitetema ni yeye amenishika mkono. Ndiyo maana nataka iteteme vilevile."

Wilber aliichukua bangili ya mwalimu, akaipuliza kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Itatetema," akasema. Kisha, bila kumtazama, "Simu yako umekuja nayo?"

"Iko nyumbani."

"Basi ilete kesho niziunganishe, halafu utamwambia mama yako akukubali upya kwenye simu yake. Kwa sasa nimefuta kila kitu cha yule mwalimu. Inahesabu, lakini haimjui mtu yeyote duniani. Haina jina, haina mwenyewe."

Idalia akatoa alichokuwa ameweka kwa ajili ya viatu vya mvua, akavaa bangili, akarudi kazini akiwa na nafuu moyoni. Jioni ile zamu ilikuwa fupi, namba haikufika mbali, na yeye hakuitegemea. Alijua haijaunganishwa.

Kesho yake alikusudia kuteremka kwa Wilber baada ya foleni ya mchana. Lakini asubuhi na mapema wakaja watu wa mtaa wa juu: mzee wao mmoja, mfinyanzi, amefariki, kuna mkesha, wanataka tortila mia nne kabla ya jua kuzama. Bi Tencha alijishika kiuno.

"Mia nne! Marehemu alikuwa anakula tatu tu, maskini, na ya nne anampa mbwa."

"Wageni wake hawako kama yeye, Bi Tencha," alisema binti wa marehemu, akacheka na kulia pamoja.

Basi hawakupumzika. Foleni ya asubuhi iliungana na ya mchana, ya mchana ikaungana na kazi ya mkesha. Unga uliletwa ndoo kwa ndoo kutoka mashineni. Idalia alipiga makofi mpaka mabega yakafa ganzi, akabaki anapiga kwa mazoea, mikono yake mbele, akili yake mahali fulani nyuma. Alikuwa anafikiria atakavyomwambia mama: nimenunua nyingine, sijakuomba kitu, nikubali tu upya, si lazima useme neno.

Saa tisa na dakika kadhaa, akiwa na donge viganjani, mkono wake wa kushoto ulitikiswa. Mara tatu. Taratibu.

Kwenye kioo nyota ndogo zikaruka.

Idalia alizitazama mpaka zikaisha. Bangili ilikuwa haina jina. Haikuwa na mwenyewe. Haikumjua mtu yeyote duniani, na ilikuwa imemshika mkono vilevile kabisa kama siku zote, wala haikupungua nguvu.

"Idalia, tortila yako inageuka mkaa."

"Nimeiona."

"Umeiona, basi igeuze! Au unamchomea marehemu ubani?"

Akaigeuza kwa vidole. Ilikuwa nyeusi upande mmoja. Akaitupia kuku, akachukua donge jingine, akaanza upya, pa-pa-pa, na kwa kila kofi siku moja ya nyuma ilimrudia. Zilikuwa siku zaidi ya elfu. Siku ya kuzaliwa kwake alipotimiza ishirini, bangili ilitetema akiwa anakula keki ya duka na bibi. Ilitetema siku ya tetemeko la ardhi, pale waliporudi ndani wakicheka kwa hofu. Na ile siku ya tatu baada ya mazishi. *Asante, Mama.* Alikuwa amelishukuru unga.

Bi Tencha alikuja upande wake, akamshika kidevu kama mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga. "Umeungua?"

"Hapana."

"Basi una nini?"

"Moshi," alisema Idalia.

Bi Tencha alikaa na moshi miaka arobaini, anaujua unavyotoa machozi na usivyoyatoa. Alirudi upande wake, akapunguza kuni, na kwa muda wa saa nzima hakumtania mtu yeyote, hata binti wa marehemu alipokuja kuchukua vikapu.

Jioni Idalia aliketi kitandani, akaishika simu. Kwa miaka yote hiyo yeye alikuwa wa kusubiri: asubiri sauti, asubiri kuonwa. Alibonyeza, akasema, "Mama, ni mimi. Ile bangili imekufa." Akatuma hivyo hivyo. Tiki moja. Kisha mbili. Akalala na simu karibu na mto, na kila alipogeuka kitanda cha bibi kilikuwa pale, kimetandikwa.

Siku ya kwanza hakukuwa na jibu. Siku ya pili pia. Jioni ya siku ya tatu, akiwa anasugua unga chini ya kucha, sauti ya mama ikaingia, imejaa kelele za gari na mtoto.

"Bangili gani, mwanangu? Ngoja… Aa! Ile aliyokuletea Bi Ofelia! Jamani, bado ulikuwa nayo? Yangu haikumaliza hata mwaka, niliitupa kabla Jeremy hajazaliwa. Usihuzunike, vitu hivyo havidumu, vimetengenezwa vife ili tununue vingine. Jeremy, shuka hapo! Shuka, nimesema! Nitakutafutia nyingine, eh? Krismasi. Unakula wewe? Kula, mwanangu. Nachelewa kazini. Nakupenda, unajua. Nakupenda."

Idalia aliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza alisikia sauti tu, kwa kuwa aliipenda. Mara ya pili alisikia maneno. Mara ya tatu alisimama pale mama aliposema kabla Jeremy hajazaliwa, akarudi nyuma, akasimama tena. Jeremy alitimiza miaka miwili mwezi Machi. Mama hakuwa amedanganya. Alichosema siku ile ya kwanza kilikuwa kweli, kwa muda wa miezi minane hivi, kama bangili yake ilivyodumu. Kisha yake ilikufa, ya Idalia ikabaki, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aliyebaki.

Akajibu, "Ninakula, Mama. Usinitafutie nyingine." Tiki mbili zikaja upesi. Jibu halikuja.

Bangili ya mwalimu alimrudishia Wilber. Fundi hakuuliza sababu. Aliirudisha kwenye kabati, akahesabu hela zake zote, akamwekea mkononi, kisha akasema akiangalia chini, "Nilitaka kukuambia siku ile, dada." Idalia akasema, "Najua." Akanunua viatu vya mvua kwa mtu wa kandambili, namba yake mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa siku ya Bi Ofelia kupokea mizigo. Uani kwake watu walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na kifurushi chake, na kwenye boriti ilining'inia mizani yenye ndoana, kwa sababu Bi Ofelia hutoza kwa uzito na haoni haya. Zamu ya Idalia ilipofika akatoa kipande cha jibini ngumu, tortila kumi na mbili zilizokaushwa ili zisivunde njiani, na kifurushi kidogo cha kitambaa.

"Na hiki nini?"

"Cha mama."

"Lazima nikifungue, mwanangu. Wale wa uwanja wa ndege hawana masihara, wananifungua mpaka mimi mwenyewe."

Akakifungua. Lilikuwa ganda la bangili, kioo kimekaa upande, mkanda umeshonwa kwa uzi wa viatu, na katika kila mfereji wake chokaa nyeupe ya mahindi iliyoganda. Bi Ofelia aliliweka kiganjani akavaa miwani.

"Si hii niliileta mimi?"

"Ndiyo hiyo."

"Imekufa."

"Imekufa."

"Idalia, mimi nimebeba mengi. Nimebeba picha za harusi, nimebeba jino la mtoto, nimebeba udongo wa kaburi la mtu kwenye chupa ya kahawa. Lakini kitu kimetoka kule, kimekufa hapa, nikirudishe kule? Atakifanyia nini?"

"Ampe tu mkononi," alisema Idalia.

"Na nimwambie nini?"

Watu wa kwenye benchi walikuwa wanasikiliza, kama watu wa benchi wanavyosikiliza, wakitazama pengine. Idalia alikuwa na mengi. Angeweza kusema juu ya bibi, juu ya keki ya duka, juu ya sifuri aliyoiona kila alfajiri akaiacha pale pale. Alijipapasa mkono wa kushoto, pale ngozi ilipobaki nyeupe kwa upana wa kidole.

"Mwambie ilidumu miaka mitatu na miezi minne."

"Basi?"

"Basi."

Bi Ofelia alitundika jibini, akaandika. Akatundika tortila, akaandika. Kisha, kwa mazoea ya mkono, akaitundika na bangili. Mshale wa mizani haukusogea. Aliigonga mizani kwa kidole, akaishusha bangili, akaitundika tena, akainama kutazama kwa karibu. Mshale ulikuwa palepale.

"Haina uzito," alisema, akaiweka ndani kabisa ya sanduku, katikati ya jibini, bila kuiandika.